Nilivyomuua Baba kwa Barua Moja

Nilimuua baba yangu nikiwa kidato cha sita, asubuhi, kipindi cha pili, kwa kalamu ya bluu. Sikuwa peke yangu. Siku hiyo darasa letu karibu zima liliua, na kama yangekuwa mashindano ya ukatili mimi nisingeingia hata tatu bora.

Walioleta balaa ni watu wa chuo kikuu. Walikuja shuleni kwetu, Shinyanga mjini, na gari jeupe, maboksi ya fulana na projekta iliyohitaji umeme siku ambayo umeme ulikuwa umekatika. Walisema wana mpango wa kutuandaa sisi wa kidato cha sita kwa elimu ya juu. Aliyewaongoza alikuwa mhadhiri, mama mmoja mrefu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Alituuliza nani anajua shahada ya kwanza inachukua miaka mingapi. Hakuna mkono hata mmoja. Akauliza nani ana ndoto. Mikono yote juu, maana ndoto haisahihishwi na mtu.

Akatuambia kwamba likizo ya Desemba kutakuwa na kambi ya wiki mbili chuoni kwao. Tungelala mabwenini, tungeingia maabara, tungefundishwa kuchagua kozi na kujaza maombi bila kuyaharibu. Shule yetu ilipewa nafasi kumi, na sisi tulikuwa themanini na ushee. "Kipaumbele ni kwa wanaotoka katika mazingira magumu," akasema. "Andikeni barua, mjieleze."

Hapo ndipo mama wa watu alipokosea. Mazingira magumu kwetu ni kitu gani? Kulima pamba kabla ya kwenda shule? Kila mtu alilima. Kuchunga ng'ombe mpaka Jumapili? Wenye ng'ombe ndio matajiri wenyewe. Tulitazamana, tukaona hakuna shida hata moja ambayo jirani hana, na wazazi wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Mmoja alimtoa baba yake kwa radi, mwingine kwa fisi. Wengi tuliwafukia machimboni, na kama maduara yote tuliyoyaporomosha siku ile yangeporomoka kweli, Geita nzima isingebaki na mchimbaji. Duara ni lile shimo la kuchimbia dhahabu. Mtoto wa mwenyekiti wa bodi ya shule naye alimzika baba yake, na mwenyekiti mwenyewe wakati huo alikuwa ofisi ya jirani anakunywa chai ya wageni.

Mimi niliitaka kambi ile kuliko kitu chochote. Nilikuwa nasoma Fizikia, Jiografia na Hisabati, nikitaka kusoma jiolojia, na hapakuwa na mtu yeyote, shuleni wala nyumbani, aliyejua mtu anaingilia wapi. Mwalimu wetu wa taaluma alinishauri niwe mwalimu. Mama, anayeuza dagaa sokoni, alinishauri nisali.

Na baba? Baba alikuwa mchimbaji mdogo kule Masumbwe. Ndivyo serikali inavyowaita, wachimbaji wadogo, ingawa baba ana futi sita. Aliondoka nyumbani kwetu Ngokolo nikiwa darasa la pili, akasema anakwenda wiki mbili. Tangu hapo alikuwa anakuja anavyojisikia, analala siku tatu, anakula kuku mmoja, anaondoka. Miaka yote hiyo alitafuta mwamba wenye dhahabu kwa ndoto, kwa mganga na kwa kusikia watu wamepata wapi. Nilitaka kusoma mawe kwa sababu yake. Nilitaka kujua ni nini hasa kilichokuwa huko chini kinachomzuia kurudi nyumbani. Hayo sikuyaandika. Niliandika kwamba alifukiwa na duara mwaka juzi, na kwamba viatu vyake bado viko mlangoni. Viatu vilikuwepo kweli.

Barua yangu ilipendwa. Mwalimu wa taaluma aliniita akaniambia mhadhiri ameisoma akalia. Badala ya kuona aibu nilijiona mwandishi. Halafu akaniambia kwamba waliopendekezwa watatembelewa nyumbani kuhakikiwa, kwangu Jumamosi. Nikaona sawa. Baba alikuwa hajaonekana tangu Pasaka, na hakuna mtu aliyetimiza masharti ya umarehemu kwa uaminifu kama yeye.

Jumamosi saa tatu asubuhi baba akaja. Alikuwa na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, amepanda gari la alfajiri kupitia Kahama. Alikaa uani, akavua viatu, akaanza kunawa miguu. Hata chai haijachemka, gari jeupe likaegesha nje.

Nilikuwa na muda wa kupiga magoti mbele yake, na si kwa heshima. "Baba, shikamoo. Wageni wa chuo wamefika. Wewe ni baba mdogo. Baba alishafariki."

"Lini?"

"Mwaka juzi. Duara liliporomoka."

Akaacha kunawa. "Duara gani hilo? Mimi siingii duara lisilo na matimba." Matimba ni magogo wanayoegemezea kuta za shimo zisianguke. Nimempa habari ya kifo chake, na kilichomkera ni kudharauliwa ufundi.

"Baba, tafadhali. Nafasi yangu."

Alinitazama kidogo. Kisha akafuta miguu, akasimama, akafunga kifungo cha shati na kwenda kumpokea mhadhiri kwa mikono miwili.

"Poleni sana na msiba, baba," mhadhiri akasema. Mkononi alishika sukari kilo mbili za rambirambi. Kwetu mtu haingii nyumba ya wafiwa mikono mitupu hata kama msiba una umri wa miaka miwili.

"Tumeshapoa, mama. Wabeja, asante sana. Mimi ndiye mdogo wake marehemu."

Mama alikuwa jikoni na alisikia kila kitu. Nilitegemea atoke na mwiko. Alitoka na khanga imefungwa kama ya mjane, akakaa mkekani, akaegemeza shavu kiganjani. Sijawahi kumwona amefurahi vile. Mhadhiri alipomuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, mama akatazama mbali akasema, "Alikuwa mtu mzuri, hasa akiwa safarini."

Nilijiuma ulimi nisicheke. Nikamtazama baba nione kama naye anajizuia, nikakuta hacheki.

"Shemeji anasema kweli," akasema. "Kaka alikuwa na tabia moja mbaya. Alikuwa kila akitaka kurudi anasema ngoja kwanza nipate cha kushika mkononi, siwezi kwenda kwa watoto hivi. Basi hapati. Anaona aibu, anakaa tena. Ikifika mwaka anaona aibu ya mwaka. Mpaka mauti yakamkuta."

Mama alitoa mkono shavuni. Hakuwa anaigiza tena.

Mhadhiri alikuwa anaandika. Akauliza, kwa upole kabisa, "Na alipenda binti yake asome nini?"

"Udaktari," baba akajibu haraka. Akaniona nilivyoinamisha kichwa. Akajikuna shingo. "Hapana, mama. Nisikudanganye. Kaka hakuwahi kumuuliza."

Nimeshapigwa fimbo na walimu watano kwa mpigo na sikulia. Siku ile macho yaliniwaka. Nilimhurumia na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja, na sikujua kipi kilikuwa kikubwa.

Mhadhiri akafungua jalada. "Kilichobaki ni nakala ya cheti cha kifo tu, halafu jina la binti linaingia."

Mama akanitazama. Mimi nikatazama kuku. Baba akasema, "Kipo Masumbwe. Jumatatu nitakileta mwenyewe."

Na angekileta. Namjua. Huko machimboni kuna watu wanaokuandikia karatasi yoyote unayotaka, na baba alikuwa ameamua. Nilimwona kichwani mwangu akitembea na cheti cha kifo chake mfukoni, amekikunja vizuri kisichakae, anawahi gari ili mtoto wake aende kambini. Tangu nizaliwe hakuwahi kuniletea kitu alichokiahidi, na hiki angekileta siku ile ile aliyosema.

Nikamwambia mhadhiri, "Mama, baba yuko hai. Ndiye huyu."

Kuku tu ndio walioendelea na shughuli zao. Mhadhiri alivaa miwani yake, akamtazama baba kuanzia kichwani hadi miguuni, mguu mmoja ukiwa bado na povu la sabuni. Nilijua analinganisha na barua yangu, hasa pale kwenye viatu.

"Nyumba nne nimeshazipita," akasema hatimaye. "Zote zimenionyesha vyeti." Akatoa kalamu akalikata jina langu, mstari mmoja ulionyooka. Hakugomba, na ningependa angegomba. Mhadhiri alipoinuka, mama alimnyooshea ile sukari, naye akakataa kuichukua. Alisema ya rambirambi hairudishwi, akaingia garini.

Mama alirudi jikoni na sukari yake. Baba akakaa pale pale, akaendelea kunawa mguu uliobaki.

"Kwa nini uliniua?" akaniuliza.

"Ilikuwa rahisi kueleza," nikamjibu. "Ukisema baba amekufa watu wanaelewa. Ukisema yupo ila haji, wanaanza kuuliza mlimfanya nini."

Sikuwahi kumjibu mtu mzima hivyo, na ningestahili kibao. Hakunipiga. Alikaa siku tano badala ya tatu, akaziba paa la jiko, kisha akaondoka tena. Sitadanganya kwamba alibadilika. Nimeshatunga vya kutosha juu yake.

Kambini walikwenda mayatima kumi, saba kati yao wakisindikizwa kituo cha mabasi na baba zao. Walirudi na fulana na msamiati. Kwa wiki nzima hakuna aliyesema "chakula", walisema "milo ya kafeteria". Nilimeza kiburi nikaazima madaftari yao. Humo nilikuta jiolojia inataka ufaulu gani, chaguo la kwanza linapangwaje, na makosa gani yanafanya maombi yatupwe. Niliyanakili yote usiku na mchana, na mengine niliyasahihisha, maana marehemu fulani alikuwa na mtoto mzembe kwenye hesabu.

Matokeo yalitoka Julai, na nilifaulu. Mama alimpigia baba simu, ikapokelewa na mtu mwingine, akaacha ujumbe kama kawaida. Siku ya tatu baba alikuwa mlangoni, bila mfuko wowote. "Nimekuja hivi hivi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Mama akamwambia apite ndani, kwani nani amemwomba mzigo?

Kesho yake akanisindikiza mjini, steshenari, kujaza maombi ya chuo na ya mkopo wa masomo. Alikuwa amevaa shati la Jumapili siku ya Alhamisi. Dada wa steshenari alikuwa na watu wengi nyuma yetu, anasoma maswali bila kuinua macho, anachapa kwa vidole viwili. Chaguo la kwanza? Jiolojia. Baba akaniuliza kwa sauti ya chini hiyo ni nini. Nikamwambia ni kusoma mawe, wapi kuna kitu na wapi hakuna. "Kumbe inasomwa," akasema.

Dada akaendelea. Shule, mwaka, namba ya mtihani. Kisha akauliza, "Baba mzazi, hai au marehemu?"

Aliniuliza mimi, kwa kuwa mwombaji ni mimi. Baba alikuwa bega kwa bega nami na angeweza kujibu. Badala yake aliweka mikono magotini akatazama sakafu, akinisubiri.

"Yuko hai," nikasema.

Akavuta kiti chake karibu na kompyuta, aone inavyoandikwa.