Maua Yasiyohitaji Maji

Kiwanda cha nguo kilipopata mmiliki mpya, watu mia nne walisomewa majina getini, wakaambiwa wasirudi. Severin, fundi mitambo aliyefanya kazi hapo miaka kumi na tisa, alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani Bigwa na ovaroli yake mkononi, akaketi barazani, na kwa miezi mitatu hakuvuka ua.

Mkewe, Eufrazia, ndiye aliyeibeba nyumba. Alilima matuta sita ya mchicha na figiri nyuma ya nyumba, na kwa kuwa bomba lao lilikuwa limekauka, alichota maji mtoni, ndoo nne asubuhi, nne jioni. Shingo ilimuuma. Mchicha wenyewe ulikuwa wa kubembelezwa. Siku moja tu ya jua kali, unalala chini.

Lakini mahali ambapo hakuna aliyepanda kitu, vimaua vya rangi ya waridi vilijiotea tu: kwenye ufa wa sakafu ya bafu la nje, kando ya mfereji wa maji machafu, hata juu ya ukuta wa chumba walichoanza kujenga kikaishia kozi tatu za matofali. Eufrazia aliving'oa mara mbili, vikarudi. Akachoka, akaviacha.

Jioni moja alirudi kutoka kuuza mboga, akamkuta Severin ameshika kopo, anaumwagilia ule ukuta. Ndoo mbili zilikuwa tupu miguuni pake.

"Baba Editha, unafanya nini?"

"Namwagilia."

"Maji yangu? Unamwagilia magugu, mchicha unakufa? Hayo hata maji hayahitaji!"

"Najua."

Eufrazia alitaka kugomba, lakini nguvu za kugomba hakuwa nazo. Akakaa juu ya tofali, kanga ikamteleza begani, hakuirudisha. Severin akaweka kopo chini.

"Mchicha nauogopa," alisema. "Nikikosea ukafa, mtakosa kula kwa sababu yangu. Haya hata nikikosea hayafi."

Eufrazia alimtazama. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akisikia mashine inagonga vibaya kutoka upande wa pili wa jengo.

"Mwezi uliopita niliunguza matuta mawili kwa mbolea," alimwambia. "Tulikula ugali kwa chumvi, tukalala. Basi."

Kesho yake Severin alichukua ndoo. Njiani alipumzika mara tatu, na tuta la kwanza alilimwagia maji kwa kishindo mpaka miche ikang'oka. Eufrazia aliirudishia udongo.

Kiwandani hakuitwa tena. Mwaka uliofuata alikwenda Gairo kutengeneza mashine za kusaga, akarudi baada ya miezi michache na kikohozi kisichoisha. Hata hivyo maji ya jioni yalibaki kazi yake, na Eufrazia akapata muda wa kukaa kitako kabla ya kupika, miguu ameinyoosha, bila kuongea na mtu.