Mzee wa Funguo

Baba yangu alikuwa na sauti ya baritoni ambayo mtaa wetu wa Panda uliicheka miaka na miaka, na sijawasamehe. Naanza na hilo, asije mtu akadhani nimekaa kuandika kwa moyo mkunjufu.

Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha shaba, na Jumapili aliimba katika kwaya ya parokia. Sauti yake ilikuwa nzito bila kukwaruza. Ilitoka chini tumboni na kufika benchi la mwisho bila yeye kupiga kelele. Lakini Mungu alimpa na sura pia: mashavu ya kuning'inia, miguu myembamba, tumbo lililotangulia kuingia mlangoni. Mwalimu wa kwaya, aliyepitia seminari na kutoka huko na Kifaransa kingi, alipotunga opera ya kuchekesha kwa ajili ya ukumbi wa parokia, hakufikiri mara mbili. Baba akapewa nafasi ya mzee bahili anayemfungia binti yake ndani asiolewe, kisha anasahau ufunguo, lufungulo kama tunavyouita kwetu, ameuweka wapi.

Niseme haki, alikuwa hodari. Aliimba maneno mbio mbio huku mikono inapapasa mifuko: kifuani, kiunoni, ndani ya kofia, tena kifuani. Ufunguo wenyewe ulining'inia mgongoni kwake kwa kamba, ukumbi mzima unauona. Pumzi aliivuta kwa siri pale anapoinama kuchungulia chini ya kiti, ndiyo maana wimbo haukukatika. Na hakutabasamu hata kidogo.

“Muntu anachekesha hapashwe kucheka,” aliniambia siku moja akijifunza mbele ya kioo cha kabati. “Ukicheka weye, bale banaacha.”

Wanawake walishika mbavu, wanaume walipiga miguu sakafuni. Toka siku hiyo akawa Mzee wa Funguo. Akipita kwenye bomba la maji na baiskeli yake, watoto walijipapasa mifuko, na yeye akawapungia mkono. Mimi nilikuwa msichana wa sekondari, na sitadanganya, nilijivuna.

Lakini opera ile ilikuwa na wimbo mwingine mwishoni. Binti ametoroka, mzee amebaki na ufunguo mkononi na nyumba tupu, anaimba polepole. Mwalimu aliukata baada ya onyesho la kwanza. Alikuja kwetu kumwambia baba, nami ndiye niliyemimina chai.

“Papa, voix iko, sauti iko,” alisema. “Mais ile figure, ile sura yako... Bantu banakuya kucheka. Kulia bako nako ku nyumba.”

Baba akasema ndiyo. Hiyo ndiyo nimeichukia mpaka leo. Alikuwa mtu wa kumkubalia yeyote mwenye karatasi mkononi.

Wimbo uliokatwa ukabaki wa nyumbani, na msikilizaji alikuwa mama peke yake. Mama alikuwa tayari mgonjwa, amevimba miguu, anachambua maharagwe amekaa kwenye mkeka uani. Baba akitoka kazini alinawa uso, akasimama mbele yake kama mbele ya askofu, akaimba. Mama hakucheka hata mara moja. Siku moja alimwambia, mbele yangu:

“Siku minye nitakufa, utaniimbia hii. Si ile ya lufungulo. Hii.”

Baba akaahidi. Tangu hapo alikuwa na haja moja tu duniani: wale wale waliomcheka wamsikie mara moja, wimbo mmoja tu, wakiwa wamenyamaza.

Mama alifariki wakati wa kiangazi. Kwetu kilio kina watu wake wa mzaha, tunawaita bajukulu, yaani wajukuu, hata kama wana mvi. Kazi yao ni kumwigiza marehemu ili wafiwa wasikauke kwa machozi, na hairuhusiwi kuwakasirikia. Mchana ule uani kwetu, kabla ya kwenda makaburini, mmoja alivaa kitenge cha mama akatembea kwa miguu iliyovimba, akigombana na maharagwe. Watu walicheka, hata mimi, na ilinisaidia. Baba alikuwa amelia tangu asubuhi. Alikuwa amenipa kitambaa chake cheupe nikakisuuze, nami nilikuwa nimekikunja kwenye ngumi, kibichi bado, nikingoja nafasi ya kumrudishia.

Katekista akatangaza kwamba mume wa marehemu ataimba. Baba akasimama kando ya jeneza, kofia kichwani, akaanza.

Ubeti wa kwanza ulisikika. Nakumbuka mtu aliweka kikombe chini taratibu ili kisigonge. Alikuwa amefika alikotaka, mzee wa watu, baada ya miaka yote ile.

Katika ubeti wa pili machozi yakamziba macho. Hakutaka kukata wimbo, kwa hiyo mkono ukaenda wenyewe kutafuta kitambaa. Kifuani hakipo. Kiunoni hakipo. Akavua kofia, akaitazama ndani.

“Lufungulo!” mwanamke mmoja akapiga kelele.

Uani kote watu wakapasuka kwa kicheko. Walidhani naye ameingia katika mchezo wa bajukulu, na kwa desturi yetu hilo si kosa. Bajukulu wawili wakaruka nyuma yake, nao wanajipapasa. Baba akaendelea kuimba, uso mkavu. Kadiri alivyokaza uso ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote ukumbini.

Nami nilicheka. Nilijua anatafuta nini, nilikuwa nacho, kilikuwa kinanilowesha vidole, na nilicheka kwa meno yote.

Aliumaliza wimbo mpaka neno la mwisho. Sidhani kuna aliyelisikia.

Hakuimba tena. Kanisani hukaa benchi la tatu, mdomo umefungwa, hata Krismasi. Nimewalaumu wote: mwalimu kwa mkasi wake, bajukulu, yule mwanamke, Panda nzima. Nimesimulia habari hii mara nyingi mezani kwa watu, na kila mara nimeacha kukitaja kitambaa.

Mwezi uliopita nilikitoa sandukuni, nikakifua, nikakipiga pasi, nikampelekea. Nilimkuta anakula bukari, ugali wetu, peke yake, sahani juu ya magoti.

“Papa,” nikasema, “hii kitambaa ilikuwa na minye. Siku ya mama.”

Alijifuta vidole kwenye suruali kwanza, ndipo akakipokea.

“Ninajua. Nilikuona.”

Nikaanza kujitetea, kwamba watu walikuwa wengi, kwamba nilikuwa mbali, sikupata pa kupita.

“Hapana,” akasema bila hasira. “Ulikuwa karibu. Nilikuona unacheka. Pale njo nikaacha kutafuta.”

Akakitia mfuko wa kifuani, akaendelea kula.