Dada Akiwa na Viatu, Hayupo

"Mimi na foleni tumepeana talaka! Kuanzia leo saa zangu ni zangu. Nyie endeleeni kukanyagana huko barabarani."

Dada yangu aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, kwenye harusi ya binamu yetu, baada ya kuombwa awape maharusi neno moja tu. Kampuni yake ilikuwa imemruhusu kufanyia kazi nyumbani. Watu walipiga makofi. Mimi, niliyeiacha diploma njiani, nilipiga kwa nguvu kuliko wote, maana nyumbani kwake ndiko ninakolala, na nilijua sasa chakula cha mchana kimepata mpishi.

Kazi yake ni kujibu malalamiko ya watu waliopotelewa na vifurushi. Mtu kaagiza taa, kaletewa sufuria, anamwaga matusi, dada anaandika "tunasikitika sana." Meza ya chakula ilikuwa imeshatekwa na madaftari ya Pilipili, binti yake wa miaka sita, kwa hiyo ofisi ilifunguliwa chumbani, juu ya ubao wa kupigia pasi. Kwenye kompyuta, pembeni ya jina lake, kuna kidoa cha kijani. Asipogusa kitu kwa dakika tano, kinageuka njano, na msimamizi, ambaye hatujawahi kuuona uso wake, anaandika: "Upo?"

Dada anajibu: "Nipo."

Wiki ya kwanza tulimtoa jasho. Shemeji, mumewe, anauliza pasi iko wapi. Mimi nauliza chumvi. Pilipili anauliza kwa nini kuku hana meno. Ndipo dada akatunga sheria. Alitoa uvunguni viatu vyake vyeusi vya kazini, vile vya kisigino kifupi, akavivaa, akasimama sebuleni kama jaji.

"Mkiniona na viatu, sipo. Niko ofisini. Nikivua, nimerudi. Tumeelewana?"

"Hata nyumba ikiungua?" nikauliza.

"Wewe ndiye utakuwa umeichoma. Izime mwenyewe."

Sheria ilishika siku nne. Jioni Pilipili alikuwa anakaa mlangoni pa chumba, anasubiri kusikia viatu vikirushwa uvunguni, kisha anamrukia mama yake kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

Lakini wakubwa wa kampuni wako ng'ambo. Sisi tukimaliza siku, wao ndio kwanza wanakoroga chai. "Upo?" zikaanza kuingia jioni. Viatu vikarudi miguuni, kwa dakika mbili tu. Dakika mbili hizo zikakaa nasi mezani zikala. Zikapika, mwiko mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Jumamosi zikafua nguo.

"Shemeji," mumewe akaniita pembeni, "hivi dada yako sasa hivi yuko kazini au yuko nyumbani?"

Nami, na semista zangu tatu kichwani, nikamshauri akamuulize dada. Ukimuuliza mwenyewe, anaangalia miguu kwanza.

Alhamisi moja mchana dada alimwita Pilipili mara tatu kutoka chumbani. Kimya. Akatoka, ko, ko, ko, mpaka sebuleni.

"Nakuita! Umeziba masikio wewe?"

Pilipili alivitazama viatu, akafunga mdomo. Kisha akanigeukia mimi.

"Mjomba, mwambie ni sikio moja tu."

Dada akamgeuza kichwa, akachungulia sikioni. Kulikuwa na kitu cha kahawia mle ndani. Hatukuuliza zaidi; tulivuka barabara mbio hadi zahanati.

Daktari alikitoa kwa kidude kama ndoano, akakiweka kwenye pamba. Haragwe.

"Limeanza kuvimba hili. Mngechelewa zaidi, tungeongea habari nyingine. Uliliweka lini, binti?"

"Jumatatu," Pilipili akasema.

"Na leo Alhamisi! La nini huko?"

"Nilitaka kusikia kama linaongea."

"Likaongea?"

"Hapana."

"Sasa mbona hukumwambia mama?"

"Mama alikuwa na viatu."

Daktari akavitazama viatu vya dada, akatazama vyangu, akamalizia na vyake. "Kila mtu ana viatu, binti yangu," akasema, akiwa amepotea kabisa.

Simu ya dada ikatetemeka. Upo? Kidole kikaandika chenyewe: Nipo. Kisha akanitazama.

"Hivi niko wapi mimi?"

Nikaitazama miguu yake.

Akachuchumaa mbele ya mtoto. "Siku zote hizo sikuvua hata mara moja?"

"Labda nikishalala," Pilipili akaniambia mimi. "Nikiamka anakuwa ameshavaa."

Hakulia wala hakuomba msamaha. Alivivua viatu palepale mbele ya daktari, akanikabidhi kama mzigo usio na anwani, akatoka peku. Lami ilikuwa inachoma. Akawa anarukaruka kama anayekwepa mpira wa rede peke yake. Pilipili alitembea pembeni yake, macho kwenye miguu ya mama yake. Alikuwa haamini bado.

Nje ya geti la zahanati kulikuwa na kibanda chenye ndala zilizotundikwa kwenye kamba. Dada akachagua za bluu, akazivaa.

"Mama, hizi nazo ni viatu?"

"Sijui, mwanangu. Wewe unaonaje?"

"Tembea."

Dada akatembea hatua tatu. Pwa, pwa, pwa. Pilipili alisikiliza, kwa lile sikio lililozibuliwa.

"Si viatu," akaamua. Na palepale akafungulia: kuhusu kuku na meno, kuhusu haragwe, kuhusu mwalimu aliyekohoa mpaka miwani ikaanguka, mambo ya siku nne kwa pumzi moja. Dada akaitikia. Mkononi simu ikatetemeka. Aliitazama, akatazama ndala, akatazama simu tena, kama mtu aliyesimama kwenye njia panda ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ndala zilikuwa shilingi elfu mbili na mia tano: nauli ya dada kurudi nyumbani.