Miguu Mikavu Siku ya Wakwe

Kazini kwetu Ulaya hakuna anayepaka mafuta. Hakuna losheni, hakuna manukato, hata mafuta ya midomo hakuna. Tunatengeneza macho ya darubini itakayorushwa angani kupokea eksirei za nyota. Macho hayo ni vipande vyembamba vya silikoni vilivyopangwa safu kwa safu, na huko juu yatafanya kazi katika baridi kali. Mvuke wa mafuta ukijificha ndani, utaganda juu yake kama utando. Hutauona, lakini miale dhaifu iliyotoka mbali hivyo itakwama pale pale. Basi tunajifunika nguo nyeupe mwili mzima, na ngozi tunaiacha ikauke.

Nilikwisha kuzoea. Tena nilikuwa naringa: ukavu wangu niliuona kama cheo.

Mwaka jana nilirudi Uvira kwa likizo, mdogo wangu akitolewa mahari. Nyumbani kwetu, mtaa wa Rugenge, mama hakutazama sanduku wala zawadi. Alitazama miguu yangu. Kwetu mtu mwenye ngozi ya majivu ana njaa, au anaumwa, au hana wa kumtunza, na mimi magoti yalikuwa meupe utadhani nimepiga magoti kwenye unga.

Asubuhi ya siku yenyewe, wakwe wakiwa njiani kutoka Luvungi, mama alikuja na kibakuli cha mafuta aliyoyakamua mwenyewe kutoka kokwa za chikichi. Akakaa kwenye kigoda, akauvuta mguu wangu hadi pajani kwake, kama alivyokuwa akifanya kabla ya misa nilipokuwa mtoto. Nikauchomoa.

"Mama, hapana. Ku kazi banakataza."

"Kazi gani inakataza muntu kupakala mafuta?"

"Ile ya kupiga nyota radio, sawa ya ku hospitali, nilikuelezeaka."

"Nyota iko humu mu nyumba?"

Badala ya kucheka, nikaanza kumfafanulia uchafuzi wa vifaa kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa, mama yangu ambaye hakumaliza hata shule ya msingi! Alifunika kibakuli kwa kiganja, akainuka polepole.

"Bakwe batasema siwezi kutunza batoto," alisema, bila hasira.

Hakuna kanuni iliyonifuata hadi Rugenge. Likizo ilikuwa ndefu, ningeoga mara ngapi kabla ya kurudi kazini! Nilikataa kwa majivuno tu. Nilitaka wageni wauone ule ukavu, waulize, nami nipate pa kuanzia hadithi ya nyota. Nikikumbuka hilo mpaka leo naona aibu hata nikiwa peke yangu.

Wakwe walifika. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye rozari shingoni, alinisalimia, kisha akanishika kiwiko na kukitazama. Kabla sijafungua mdomo, mama alijibu.

"Alikuwaka mugonjwa kule Bulaya. Sasa iko muzuri."

Mama yangu si mtu wa kusema uongo. Uso ulinichoma. Nilitaka kusema sikuugua hata siku moja, lakini ningemwumbua mbele ya wakwe zake, siku aliyoingojea miaka yote. Yule shangazi akasema tuombe, wageni wote wakasimama, wakaniombea afya. Niliinamisha kichwa, mzima wa afya, nikaitikia amina pamoja nao.

Walipoketi, shangazi alitoa kopo la mafuta mkobani, akaunyoosha mkono wangu na kuanza kunipaka, toka kwenye kiwiko hadi vidoleni. Ningefanyaje? Mkwe hakataliwi siku ya mahari. Nilitulia. Mafuta yalikuwa ya dukani, yana harufu kali ya waridi, na ngozi yangu iliyanywa yote.

Nilipoinua macho, mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la soda. Alikuwa anautazama mkono wangu ukianza kung'aa.

"Mumupakale na ku miguu," alimwambia mgeni. "Miye alinikatalia."