Gélase na majina yake ya kuficha

Gélase wa Cibitoke alijiona mukubwa sababu ya kompyuta moja. Iko mu atelie ya washonaji, pale mi nauzishaka vifungo mulangoni. Kazi yake ni kuilinda. Shati imepigwa pasi, kalamu mufukoni, kichwani upepo.

Mule mu kompyuta washonaji wanaweka michoro ya nguo. Pascaline wa Uvira, mama ya Irène, aliweka muchoro wa nguo ya ndoa ya muteja wake Chanelle. Kazi ile ndiyo ingemutambulisha mujini. Watu wakiiona mbele siku ya ndoa haijafika, amekwisha.

Gélase akamuambia, "Mama Irène, tulia. Nimekupa jina la kuingilia lenye mwizi hatajua. We ni Ndege wa Rusizi."

"Na kode?"

"Kode ni moja kwa wote: moja, mbili, tatu, ine. Mwizi akikosa jina, kode ataipeleka wapi?"

Siri gani! Kila asubuhi ni makelele: "Ndege wa Rusizi, leta makasi!" "Subiri, Samaki wa Ruziba!" Wanacheka mpaka barabarani. Na mutu akisahau jina lake, Gélase mwenyewe anamukumbusha kwa sauti. Jina ni kitu cha kuitwa. Mupumbavu tu ndiye analifanya kufuli.

Sylvère, mushonaji wa ng'ambo ya barabara, akaja kuchapisha karatasi kwenye ile kompyuta. Kesho yake nguo ya Chanelle ikaning'inia kwake.

"Majina nayasikia toka kwangu," akajisifu bila haya. "Na ile kode, hata mbuzi angeijaribu ya kwanza."

Chanelle akakasirika. "Pascaline, chora ingine, ao naenda kwa wengine."

Gélase akakohoa. "Jina ndiyo lilitoka. Nitakupa lingine."

"Na kode?"

"Ile ile."

Ile ile! Pascaline akamutoa kwenye kiti. "Nionyeshe penye wanabadilisha kode, halafu geuka uangalie ukuta." Akaweka kode yake ndefu. Jina akaandika Pascaline, basi.

"Lakini kila mutu atalijua!"

"Walijue."

Siku ya ndoa Chanelle aliingia kanisani na nguo yenye Sylvère hakuota hata pindo lake. Mama mumoja akaniinamia, "Nani alishona?"

Gélase akanivuta kitenge. "Bibi, usitaje jina!"

Nikalitaja kwa nguvu mpaka padri akageuka.