Baiskeli Yenye Chapa ya Ngamia

Mtu akikuambia "niachie tu, boss, njoo kesho," ujue kuna kitu anataka kubaki nacho. Ndivyo nilivyomwelewa fundi wa baiskeli wa karibu na soko la Garissa, mtu wa Mwingi mwenye vidole vya grisi na upole uliopita kiasi. Upole wa namna ile huwa nauhesabu mara mbili.

Nilimpelekea baiskeli ya safari, chuma kitupu, niliyoinunua kwa msafiri mgeni aliyechoshwa na mchanga wetu. Ilikuwa imetengenezewa mwili wa mtu mwingine. Usukani ulijikunja chini kama pembe za kondoo dume, nami nikawa naendesha huku natazama tumbo langu. Tairi zilikuwa nyembamba, chakula cha miiba. Goti langu la kushoto, bovu tangu zamani, lilidai kiti kipande juu na kirudi nyuma kidogo. Nilitaka usukani ulionyooka, tairi pana, na keria ya mbele ya jerikeni la maji. Nilitaka, kwa mara ya kwanza maishani, kitu kinachonitosha mimi peke yangu.

"Habu hii ya katikati ya gurudumu la nyuma ni nzito," fundi akasema. "Nikuwekee nyepesi?"

"Na hii nzito itaenda wapi?"

"Si utaenda nayo nyumbani."

"Basi iache hapo hapo. Itaenda nyumbani ikizunguka."

Kwetu ngamia huchomwa chapa ya ukoo shingoni. Yetu ni ndoano na nukta. Nikachukua tupa, nikaichora alama ile chini ya fremu, kwenye rimu, habu, pedeli, hata usukani mpya. Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

"Warya," akaniita kwa lugha yetu, "hii ni baiskeli ama unaipeleka malisho?"

Kicheko chenyewe nikakitilia shaka. Kiti tu ndicho kilichonishinda, kwa kuwa ni cha ngozi na sikutaka kukiharibu. Kwa hivyo kila jioni nilikifungua, nikaenda nacho nyumbani kwapani.

Kazi ilipoisha nikahesabu spoku, nikarudia. Zilitimia. Kila alama ilikuwa mahali pake. Nikalipa nikiwa na wasiwasi zaidi: mtu aliyepata nafasi ya kuiba asiibe, ana mpango gani?

Nikaijaribu hadi Modogashe, nikilala njiani kwa jamaa. Goti lilinyamaza. Tairi zilipita mchangani bila kubishana. Sikumbuki kitu kingine kilichowahi kunitii hivyo.

Pale Modogashe, kwenye hoteli ya chai wanapoegesha malori, nilimkuta adeer yangu, binamu wa marehemu baba. Tukaulizana habari za watu, mvua na mifugo. Kisha akainama kuikagua baiskeli kama mnyama: miguu kwanza, halafu shingo. Kidole chake kikasimama kwenye alama.

"Maashallah. Ni yetu."

"Ni yangu, adeer. Niliinunua."

"Na alama ni ya nani?"

Mnyama mwenye chapa ile ana mchungaji, lakini mwenyewe ni ukoo. Ndugu aliyeishiwa akiomba ngamia wa kukamua msimu mmoja, hanyimwi.

"Kisima kiko mbali na miguu imechoka," akasema. "Mvua ikinyesha utaichukua."

"Adeer, hii haitoi maziwa."

"Kwani nimeomba maziwa?"

Nilibishana mpaka chai ikapoa, na mimi hubishana vizuri. Nikamwambia imepimwa kwa goti langu la kushoto. Akapandisha kikoi, akanionyesha lake, limevimba. La kushoto pia. Watu wa meza ya pili wakaanza kunitazama vile anavyotazamwa mtu anayemnyima mzee maji.

Nikabaki na hoja moja. "Kiti hakina alama."

Akachungulia chini yake, akapapasa, akapapasa tena. Hapo nikaamini sisi ni damu moja.

"Kweli. Chukua chako."

Nikarudi Garissa juu ya lori la mbuzi, kiti mapajani. Fundi aliniona nikiteremka sokoni kabla sijapata pa kujificha.

"Warya! Imeibwa?"

"Imebaki kwa wenyewe. Ukoo."

Akakitazama kiti. "Na mimi ndiye uliyekuwa ukinichunga."

Akafuta mikono, akaunyoosha mmoja kwa upole wake ule ule. "Niachie hicho kiti nikipake mafuta, ngozi isikauke. Njoo kesho."

Nikakikumbatia kwa mikono miwili, nikaenda zangu.