Pai ya Kumliza Mama wa Kambi

Kwa zaidi ya miaka miwili niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba huko porini ukipita Leparua kuna mama mzungu mwenye kambi ya watalii ambaye akionja pai ya cheri hulia, na aliyemliza hupewa kazi siku hiyo hiyo. Habari kamili ilikuwa hivi. Mchunga ngamia mmoja wa Oldonyiro, asiyejua hata kuandika jina lake, alimpikia mama huyo pai juu ya mawe matatu. Mama akaonja kipande kimoja, akamkumbuka marehemu mamake, akalia siku tatu. Watalii wakakaa bila mtu wa kuwatembeza, mpaka ndovu wakaja wenyewe mlangoni mwa hema kuuliza kulikoni. Siku ya nne mama akafuta machozi, akamfanya mchunga ngamia mpishi mkuu, akampa nyumba yenye feni, gari, na mahali pa kuzikwa kando yake.

Aliyenisimulia ni kinyozi wangu, na wakati huo wembe ulikuwa shingoni mwangu. Mimi si mtu wa kubishana na wembe. Tena mpishi mkuu mwenyewe tulikuwa tunamwona kwa macho. Kila Ijumaa alikuja mjini na gari la kambi kununua mboga, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi hata ungeweza kukata nyama kwa ncha ya kola. Mtu hafiki kwenye koti kama lile bila kisa, nikajiambia. Kisa ndicho hicho.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne katika masomo ya watu wazima, yale tunayoyaita gumbaru, nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Miaka minne nilienda darasani kila jioni baada ya kuuza mandazi kutwa nzima, nikikalia dawati lililotengenezewa mtoto, magoti yakinigusa masikio. Nilipata C. Kwa darasa letu C ilikuwa udaktari. Nilipigiwa makofi mpaka mwalimu akaomba tuhurumie paa. Cheti nikakitia kwenye fremu, nikakitundika juu ya kitanda, nikangoja. Kilitundikika vizuri sana. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo kimewahi kufanya.

Mke wangu alingoja pamoja nami mwaka mzima. Kisha asubuhi moja akafunga nguo zake, akambeba binti yetu mgongoni, akaenda kwa mamake Burat, ambako wanalima vitunguu kwa maji ya mfereji. Hakugombana nami. Ingekuwa heri angegombana.

"Baba mtoto, sijakuacha," alisema. "Nimechoka tu kuolewa na mandazi. Pata kazi ya barua, mimi na mtoto tutarudi siku hiyo hiyo."

Kazi ya barua kwetu ni ile yenye karatasi ya kuajiriwa, muhuri na sahihi, inayomlipa mtu hata siku upepo umejaza vumbi kwenye karai na hakuna aliyekuja kununua. Mama mkwe naye, nilipokwenda kuwaona wiki iliyofuata, alinipa uji vizuri, akangoja nimalize, akaniambia, "Karibu siku yoyote, mwanangu. Lakini usikuje tena na maneno. Kuja na barua."

Katika hali hiyo ndipo kinyozi alinipata na pai yake. Ukitaka kumuuzia mtu uongo, mngoje awe na haja nao.

Cheri zenyewe sikuwa nimewahi kuziona. Mwalimu wangu wa Kiingereza alinitafutia maelezo kwenye simu, nami nikayanakili kwenye daftari lile lile nililoandikia insha: cheri, unga, siagi baridi, maji ya barafu, oveni. Kati ya vitu hivyo vitano nilikuwa na unga.

Supamaketi walikuwa na vichupa vya matunda mekundu yaliyolala ndani ya sukari nzito. Mwenye duka, mzee wa kutoka Nyeri, aliniangalia nikipanga vichupa sita mbele yake.

"Hizi ni za kupamba keki," alisema. "Mtu huweka moja, hapo juu katikati. Wewe sita ni za nini?"

"Za kutafutia kazi."

"Kazi gani, ya kuumwa na meno?"

Siagi ndiyo ilinitesa. Hapa kwetu Isiolo siagi huyeyuka ukiitaja tu. Ilibidi niifunge kwa gunia lililoloweshwa maji, niamke kabla ya jua, nichanganye unga haraka kwa ncha za vidole kabla mikono haijapata joto. Oveni nilijitengenezea: sufuria kubwa ya harusi, ndani yake mchanga wa laga, huo mto wetu usio na maji, kina cha vidole vitatu, sinia ya pai juu ya mchanga, kifuniko, makaa chini na makaa juu. Nilijifunza kunyunyiza unga kidogo kwenye mchanga na kuhesabu. Ukigeuka rangi ya chai ya maziwa kabla ya thelathini, weka. Ukigeuka mweusi, toa makaa uombe msamaha.

Pai ya kwanza iliungua chini, ikabaki mbichi juu, na katikati sukari ikachemka ikapasua ganda, ikamwagikia mchanga, ikawa jiwe. Jiwe hilo ninalo mpaka leo, naegemezea mlango. Pai ya nne nilimpelekea jirani yangu, bibi mmoja wa Kiborana ambaye mtaa mzima tunamwita akko. Aliigeuza huku na huku kama anayekagua mguu wa mbuzi mnadani.

"Hii ni sambusa imelala," alisema.

"Hapana, akko. Ni pai."

"Nyama iko wapi?"

"Haina nyama. Ni matunda."

Akatafuna muda mrefu, macho amefumba. "Na mzungu analia kwa sababu ya hii?"

"Siku tatu, akko."

"Hata mimi ningelia."

Lakini pai ya kumi na tisa akko aliila yote, akaomba nyingine ya kufuturia. Ganda lilikuwa limeanza kuvunjika jinsi linavyotakiwa, kwa kelele ndogo, na chini pamekauka. Kwa mkono wangu huu huu. Nasema hivyo kwa sababu baadaye nilikuja kuutukana sana huo mkono.

Kambi ikatangaza kwamba inatafuta mpishi wa pili. Mke wangu alisikia huko Burat, akaja nyumbani siku moja kabla ya usaili akiwa na leso yake nzuri, ile ya arusi ya dadake. Akaifunga pai mwenyewe.

"Na huyo mzungu wako akilia siku tatu," aliniuliza, "mimi nitalia lini?"

"Wewe utacheka."

"Haya. Ukirudi na barua, utanikuta hapa mlangoni kabla unga haujakauka kwenye kucha zako. Ukirudi na pai, uile peke yako."

Alisema hayo akicheka, lakini fundo la leso alilikaza mara mbili.

Nilipanda boda mpaka kambini, pai mapajani, nikimwambia dereva kila mahali pa bonde apite polepole, mpaka akaniuliza kama nimebeba mtoto mchanga. Tulikuwa wasailiwa wanane. Meneja, mtu wa tumbo la heshima na kalamu mbili mfukoni, alikuwa ameagiza kila mmoja alete au apike kitu. Wengine walipika pilau, wengine kuku. Kijana mmoja alikuja mikono mitupu. Nilimhurumia, Mungu anajua.

Mama wa kambi alipotokea alikuwa mwembamba, viatu vyake vya ndala vimeshonwa kwa waya, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwalimu wangu. Akakata kipande cha pai yangu. Mimi nikamkazia macho jinsi mfugaji anavyokazia wingu baada ya kiangazi cha tatu. Akatafuna. Akakata kingine.

"Ganda zuri sana hili. Umelipikia wapi?"

"Kwenye mchanga, mama. Ndani ya sufuria."

Akacheka kwa furaha, akawaita wageni wawili waje wasikie habari ya mchanga. Kisha akasema ameshapita kiasi chake, daktari amemkataza sukari, akaniambia asante, akaenda kuangalia gari lililopata pancha. Macho makavu kabisa. Sinia iliyobaki ikamalizwa na madereva na yule mpishi mkuu wa koti jeupe. Alikula vipande viwili, akalamba vidole, akaniuliza, "Hii inaitwaje?"

Nikatabasamu. Nilijua ananipima.

Meneja akaandika kitu kwenye karatasi. "Tutakupigia simu," akasema.

Simu yangu haijawahi kupata matunzo kama wakati ule. Niliichaji mpaka ikawa moto kama chapati. Niliingia nayo bafuni ndani ya mfuko wa plastiki. Wateja walionipigia kuagiza mandazi niliwajibu kwa Kiingereza cha ofisini, na mmoja akakata akidhani amekosea namba. Mke wangu alikaa siku nne, akisonga ugali, akitazama simu kila nilipoitazama. Siku ya tano alisema anaenda tu kumwona mtoto. Leso aliiacha, nikaiona kama ahadi.

Baada ya mwezi na kitu nikasikia kwamba aliyechukuliwa ni yule kijana wa mikono mitupu.

Hapa ndipo ninapojichukia nikikumbuka. Mtu mwingine angeuliza swali. Mimi, mwenye cheti cha C kwenye fremu, nilikaa chini nikafanya hesabu iliyonyooka kabisa: mama hakulia, kwa hiyo pai ilikuwa na kasoro, kwa hiyo kasoro ni mimi. Ndipo nikaanza kuutukana mkono wangu. Mwaka mzima mwingine nilipika. Nilipunguza sukari, nikaongeza chumvi, nikaweka ndimu. Nilibadilisha mchanga, nikachota wa juu zaidi kwenye laga, eti ule wa chini una harufu ya punda. Nafasi nyingine ikatangazwa, ya msaidizi wa jikoni, nikaenda tena na pai. Mama wa kambi alikuwa safarini, meneja akaipokea kwa mikono miwili, na simu haikulia. Nikasema ni cheri. Cheri za kupamba keki haziwezi kuliza mtu. Nikamwagiza dereva wa lori aniletee kutoka Nairobi cheri za kweli za kopo, zenye maji yake ya uchachu. Zilinigharimu mandazi ya mwezi.

Katika hekaheka hizo, mteja mmoja wa Burat alinisifia binti yangu, jinsi anavyopendeza na yunifomu. Yunifomu gani? Nilicheka kama ninayejua. Mke wangu alikuwa amemwandikisha chekechea kule kule. Mzazi yeyote anajua maana yake: mtoto akianza shule mahali, godoro humfuata.

Siku hiyo hiyo nikasikia kwamba kambi inataka mtu tena. Nikapika pai kwa zile cheri za kopo. Sitatia chumvi hapa, ingawa ni tabia yangu: ilikuwa pai bora kuliko zote nilizowahi kupika. Ganda lilipanda kurasa kwa kurasa, na ndani uchachu na utamu vilikuwa vimepatana. Lakini sikuipeleka kambini. Niliifunga kwa leso ile ile nikaenda nayo Burat, ili mke wangu aonje mwenyewe, aone kwamba safari hii haishindikani, anipe muda kidogo tu.

Nilimkuta kivulini kando ya ghala akichambua vitunguu, vikubwa upande huu, vilivyooza upande ule. Mtoto alikuwa shuleni. Mama mkwe alinisalimu, akaona leso, akaingia ndani.

Mke wangu alifuta mikono, akala kipande kizima bila haraka.

"Ni tamu," alisema. "Kweli ni tamu. Hujawahi kupika hivi."

"Basi nipe mwezi mmoja. Wanatafuta mtu. Hizi ni cheri zenyewe. Safari hii lazima alie."

Aliacha kulamba vidole. "Bado unaamini hayo?"

"Si hata yule mpishi mkuu alipata kazi hivyo?"

Alinitazama kama anayetafuta mahali nilipoumia. "Baba mtoto, mimi nilidhani unajua. Nilidhani unapika tu ili usikae bure."

"Najua nini?"

"Askari wa geti la kambi ni jirani yetu hapa, nyumba ya tatu. Alituambia tangu ile mara ya kwanza."

"Aliwaambia nini?"

Akaokota kitunguu, akakipapasa, akakitupa upande wa vilivyooza.

"Mpishi mkuu ni mtoto wa dada yake meneja. Yule kijana uliyemhurumia ni mdogo wake huyo mpishi. Hata hii ya sasa ina mwenyewe. Hakuna mtu hata mmoja pale aliyeajiriwa kwa pai."